«Kama nilivyopokea»: Simu ya mwanafunzi na amri ya nane

Mwanafunzi wa iniversite katika miji yetu, awe Lubumbashi, Bukavu, Butembo au Kalemie, anaamka na simu mkononi. Kabla ya kunawa uso amekwisha kusoma habari za kikundi cha promosio yake: somo la saa mbili limesogezwa hadi saa nane, profesa hajafika kutoka Kinshasa, silabusi imetumwa, asiyemaliza kulipa asijisumbue kuja kwenye mtihani. Zamani tangazo lilibandikwa ukutani, na mtu alitembea kwenda kulisoma. Leo ukuta umehamia mfukoni. Feza ya chakula inamfikia kwa M-Pesa au Airtel Money. Mama aliyebaki kijijini, asiyejua kuandika, anamtumia sauti yake, ile wanayoiita vokali, na mtoto anaisikiliza akiwa kwenye foleni ya maji. Matanga ya mjomba anayajua kwa picha iliyowekwa na binamu. Korale inajifunza wimbo mpya wa Siku ya Mungu kwa vokali. Mega zinanunuliwa kwa siku, pengine kwa saa. Zikiisha, mwanafunzi anakuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba na kusikia wenzake wakiongea ndani.

Wanaoandika juu ya vijana wa Ulaya wanalia kwamba simu inamtenga kijana na watu. Inawezekana. Kwetu naona mambo yana sura nyingine: mwanafunzi hapati tena nafasi ya kuwa peke yake. Jamaa, promosio, korale, watu wa kijiji chake, wote wameingia chumbani mwake, nao hawaondoki hata usiku. Kila mmoja anamletea neno, na kila mmoja anangoja naye alipeleke mbele. Hapo ndipo nataka kusimama, maana sisi wachungaji na walimu wa dini tumepita hapo mara nyingi bila kuangalia.

Mahubiri juu ya simu hayakosekani. Katika mafungo ya wanafunzi, katika siku za miito, katika mikutano ya vijana, mhubiri hakosi kuitaja. Lakini ukimsikiliza vizuri utaona kwamba anahubiri amri moja tu, ile ya sita. Picha za aibu, sinema za uchafu, urafiki wa usiku. Sikatai hata neno moja: madonda hayo yapo, na padri aungamishaye vijana anayajua. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi akitoka katika mafungo hayo anajua vema asitazame nini, lakini hakuna aliyemfundisha asipeleke nini. Amri ya nane haikuguswa. Na katika nchi yetu, hasa upande huu wa mashariki, neno lililopelekwa ovyo limevunja nyumba nyingi.

Kwa nini tumehubiri hivyo? Nafikiri tumerisi desturi ya zamani bila kuipima. Baba Mtakatifu Pio XI alipoandika Vigilanti cura mwaka wa 1936, aliandika juu ya sinema. Mtu wa sinema ameketi kitini gizani, anatazama. Zambi yake, kama ipo, imo katika kutazama. Pio XII katika Miranda prorsus ya mwaka wa 1957 aliongeza redio na televisheni, lakini mkristu bado ameketi, bado anapokea. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Inter mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uligawa kazi kwa uwazi: kifungu cha 9 kinawaeleza wapokeaji wajibu wao, yaani wasomaji, watazamaji na wasikilizaji, kifungu cha 11 kinawaeleza waandishi wa magazeti, watengenezaji wa sinema na wenye redio wajibu wao. Huku wapokeaji, kule watengenezaji. Mgawanyo huo ulifaa kwa wakati wake. Lakini mwanafunzi wetu leo yuko wapi? Si mwandishi wa gazeti. Wala si mtazamaji tu aliyeketi gizani. Yeye ni mtu wa tatu, ambaye wazee wetu hawakumwona: anapokea kwa mkono mmoja na kupitisha kwa mwingine, saa ile ile, tena bila kukaa chini. Wenyewe wanasema «kutransfere».

Na anapopitisha, anaandika chini maneno matatu ya Kifaransa: «tel que reçu». Wengine wanaandika kwa luga yetu: «kama nilivyopokea». Maneno haya ningependa tuyapime, maana yamekuwa kama ondoleo la zambi ambalo mtu anajipa mwenyewe kabla ya kuikosa. Maana yake ni hii: sikuanzisha mimi, sijui kama ni kweli, msiniulize, lakini mnajua sasa. Mtu ananawa mikono mbele ya kikundi, kama Pilato, kiisha anatoa hukumu.

Msomaji wa seminari atakuwa amekwisha kushtuka, maana ameyasikia maneno hayo mahali pengine. Mtume Paulo anawaambia Wakorinti kwamba amewapa kile alichopokea naye. Anasema hivyo juu ya Karamu ya Bwana katika sura ya 11, na juu ya kufa na kufufuka kwa Kristu katika sura ya 15. Kanisa lote limesimama juu ya kupokea na kupitisha. Ndiyo maana tunasema Mapokeo. Basi, tofauti iko wapi kati ya Mtume na mwanafunzi anayetransfere?

Someni tena sura ya 15. Paulo anataja mashahidi kwa majina: Kefa, Yakobo. Anataja wale Kumi na Wawili. Anataja ndugu zaidi ya 500, na anaongeza jambo ambalo wengi wanalipita haraka, kwamba wengi wao wangali hai wakati anapoandika. Maana yake: nendeni mkawaulize. Mwishoni anajitaja mwenyewe, tena kwa aibu, kama aliyelitesa Kanisa. Yeye anasema amepokea ili ajifunge kwa neno lile. Hajifichi nyuma yake. Akilipitisha, analipitisha pamoja na jina lake, na mwisho alilipia kwa kichwa chake. Yule wa «tel que reçu» anasema amepokea ili asifungwe na kitu. Maneno yanafanana, kazi yake ni kinyume kabisa. Ningefurahi kama profesa wa Maandiko Matakatifu na profesa wa Moralia wangekaa siku moja pamoja na kufundisha somo hili mbele ya waseminari, kila mtu na kitabu chake.

Mtu ataniambia: Padri, uvumi haukuanza na simu. Kweli. Wakati wa Mobutu, magazeti na redio vilipokuwa vya mkubwa mmoja, watu waliishi kwa «radio-trottoir», ile redio ya kando ya barabara, na mara nyingi ilisema kweli kuliko ile ya serikali. Lakini radio-trottoir ilikuwa na uso. Ulimjua aliyekuletea neno: huyu ni mlevi, huyu ana chuki na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, huyu ni mtu wa kweli lakini anatia chumvi. Ulipima neno kwa kumpima msemaji. Tena neno lilichoka njiani. Likifika kwenye mto, pengine lililala ng'ambo hii. Vokali haichoki. Ni sauti ya mtu ambaye hukumwona wala hutamwona, nayo inafika ng'ambo ya mto na sauti yake ile ile, na kilio kile kile, kana kwamba msemaji yuko mlangoni. Nao wanafunzi wanaiamini kuliko maandishi, kwa sababu ni sauti. Mwandiko unaweza kuwa wa mwongo, wanasema, lakini huyu mama analia kweli. Labda analia kweli. Lakini anamlilia nani, na mwaka gani, na mji gani?

Wengine wanazani hayo ni makosa madogo ya vijana. Nawakumbusha Butembo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 1918? Hapana, si zamani hivyo, ingawa wengi wamekwisha kusahau: ilikuwa 2018. Ulikwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walihesabiwa 3,470, na waliokufa 2,287. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya robo yao walijibu kwamba Ebola haipo. Kiisha, mwishoni mwa Desemba, ikatangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa ajili ya ugonjwa na vita. Kura yao ikasogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapa tangu Januari. Basi uvumi ukapata mguu wa kusimamia: mnaona, ugonjwa huu ni wa siasa. Mwezi wa Februari vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika kliniki za iniversite ya Graben, iniversite yetu ya kikatoliki pale Butembo.

Sisemi kwamba simu ndiyo iliyompiga. Mauaji yale yana mizizi mingi, na mingine imeshuka chini kuliko ninavyoweza kuichimba. Wala sisemi watu wale walikuwa wajinga. Watu walioona miaka ya mauaji bila msaada, gafula wakaona magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja, walikuwa na haki ya kuuliza. Nasema tu kwamba katika siku zile kila mwenye simu alikuwa na mkono kwenye kamba ya kengele. Na wenye simu nzuri kuliko wote, wenye kujua Kifaransa, ambao wazazi waliwauliza «ninyi wasomi mnasemaje?», walikuwa wanafunzi. Mzee wa kijiji hakuipokea vokali kutoka kwa mganga. Aliipokea kutoka kwa mtoto wake wa iniversite, na aliiamini kwa sababu alikuwa amemlipia masomo.

Jambo hili si la nchi yetu tu. Mwaka wa 2018 wachunguzi watatu wa Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walitangaza katika gazeti Science kazi yao juu ya habari 126,000 zilizotembea kwenye Twitter kati ya mwaka wa 2006 na 2017. Waliona kwamba uongo ulikwenda mbali na upesi kuliko ukweli. Walipoondoa katika hesabu mashini zinazotuma zenyewe, hesabu haikugeuka: ni watu waliopenda kupitisha uongo, kwa sababu ulikuwa mpya na wa kushangaza. Mzee yeyote wa kijiji angewaambia hivyo bila kuhesabu, lakini ni vizuri kwamba wamehesabu.

Tuje sasa kwenye zamiri. Nitatunga kesi, kama walivyofanya walimu wa Moralia wa zamani, na nitatumia majina yao. Tito ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Jioni moja, wakati wa vita, anapata vokali ya dakika mbili. Sauti asiyoijua inasema kwamba Kayo, mtengenezaji wa simu kwenye njia panda karibu na vyumba vya wanafunzi, ni mpelelezi wa wale wenye bunduki. Picha yake imefuata. Tito hajui kama ni kweli. Kayo alimtengenezea simu mara mbili na hakumzidishia bei. Lakini ana hofu, na wenzake wako katika hatari ile ile, anafikiri. Anaipitisha kwa vikundi vitatu: promosio, korale, na watu wa kijiji chake. Anaandika: kama nilivyopokea. Asubuhi kibanda cha Kayo kimevunjwa, na Kayo amekimbia na watoto. Baada ya juma moja inajulikana kwamba hakuwa na kosa. Mwenye sauti alikuwa na deni kwake. Tito anakuja kuungama. Anasema: Padri, nilituma ujumbe mbaya.

Padri mwenye haraka atampa salamu Maria tatu. Hapo ndipo kesi inaanza.

Kwanza, Tito alikosa kitu gani? Hakutunga uongo. Lakini Mt. Tomaso, katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 60, anafundisha kwamba mwenye mashaka juu ya jirani anapaswa kuyaelekeza kwenye upande ulio mwema, na kwamba anayehukumu kwa kushuku tu anamkosea haki. Tito alikuwa na mashaka, akayapitisha kama mashtaka. Hofu yake inapunguza kosa. Katika vita nani hana hofu? Lakini haiondoi, kwa sababu njia nyingine ilikuwepo. Kama aliogopa kweli kwa ajili ya wenzake, angeweza kumwendea mmoja mwenye akili, chef wa promosio au padri wao, na kumwuliza. Kuonya ni kumwambia anayeweza kuchunguza. Kuwaambia mamia ya watu ambao hakuna hata mmoja atakayechunguza ni kitu kingine.

Pili, na hili ndilo tunalolisahau: kuna deni. Katekismu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2487, inakumbusha kwamba kosa juu ya haki na ukweli linadai kurekebishwa, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Mwizi wa mbuzi anarudisha mbuzi. Aliyeiba jina la mtu, arudishe nini, na kwa nani?

Tunasimulia katika mafundisho hadithi ya Mt. Filipo Neri na yule mwanamke msengenyaji: aliambiwa anyonyoe kuku njiani, kiisha arudi kuokota manyoya. Hadithi nzuri, lakini haitoshi tena. Manyoya ya kuku yakipeperuka hayazai manyoya mengine. Vokali ya Tito, ikitoka katika kikundi cha korale, inazaa nyingine ishirini ambazo Tito hatazijua kamwe. Lakini upande wa pili tusimwachilie upesi na kumwambia kwamba hakuna la kufanya. Njia tatu za kwanza anazijua: ni vikundi vitatu, vina majina, bado yumo ndani. Chombo chenyewe kinamruhusu kufuta ujumbe kwa wote; tangu mwaka wa 2022 muda wa kufuta ni zaidi kidogo ya siku mbili. Tito amechelewa, juma limepita. Lakini mkubwa wa kikundi naye amepewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Kufuta hata hivyo ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Anayefuta bila kusema kitu anaficha nyayo zake tu. Lazima aseme. Aseme mahali pale pale, kwa jina lake, kwamba alichopitisha kilikuwa uongo. Kiisha, kama Kayo anapatikana, amwendee. Na kibanda? Walimu wa zamani wangeuliza kama Tito aliona mbele, hata kwa giza, kwamba watu wangeweza kukivunja. Katika mji wenye vita, mimi nasema aliona. Basi ana sehemu yake katika malipo, kadiri ya uwezo wa mwanafunzi, pamoja na wale waliovunja. Wenzangu wengine watasema ninamkaza. Niko tayari kusikia sababu zao. Lakini wafikirie pia watoto wa Kayo.

Na Berta je? Berta yumo katika promosio. Aliisikiliza vokali, aliijua kuwa uongo, kwa maana dada yake ni mke wa rafiki wa Kayo. Hakuipitisha. Alinyamaza. Katika swali la 73, kifungu cha 4, Mt. Tomaso anamfikia Berta zaidi ya miaka 700 kabla ya kuzaliwa kwake: anayesikiliza masengenyo kwa furaha, au anayeyachochea, si mdogo katika zambi kuliko msengenyaji, asiyepinga kwa hofu, kwa uvivu au kwa haya, naye anakosa, ingawa mara nyingi kosa lake ni jepesi zaidi. Jepesi, isipokuwa kama hatari ilikuwa kubwa na neno lake lingeizuia. Berta angeandika mstari mmoja tu. Hakuandika, kwa sababu kikundini anayepinga anaulizwa mara moja: nawe ni wa upande gani? Wanafunzi wanajua ugumu huo kuliko sisi. Tusiwadanganye kwamba ni kitu rahisi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Christus vivit ya tarehe 25 Machi 2019, aliona mambo mengi ya kweli juu ya ulimwengu huu mpya, mema na mabaya. Alitaja hata vikundi vilivyojifungia ambamo uongo unasambaa kwa urahisi. Mwaka wa 2023, tarehe 28 Mei, idara ya Roma inayoshugulika na mawasiliano ikatoa fikra zake, «Kuelekea uwepo kamili», zilizojengwa juu ya mfano wa Msamaria mwema. Zinafaa kusomwa na kila padri. Zinamwambia mkristu kwamba naye, hata akiwa mdogo, ana nguvu juu ya wengine, aangalie anachotangaza. Vizuri sana. Lakini zinaongea zaidi na mtu kabla hajatuma. Mimi ninamngoja mtu aliyekwisha kutuma, naye anapiga magoti mbele yangu Jumamosi jioni. Juu ya deni lake nilisaidiwa zaidi na vitabu vile vya zamani vyenye karatasi za manjano, vya Tito na Berta, ambavyo tumeviweka juu ya kabati kwa kuviona ni vya wanasheria. Viliwachosha waseminari, ni kweli, lakini vilijua kuuliza: nani, kwa nani, kiasi gani, na nani atalipa.

Inanishangaza pia kwamba wenye WhatsApp, ambao si watakatifu na wanatafuta faida, waliiona hatari ya kupitisha mapema kuliko wahubiri wetu. Mwaka wa 2018 walianza kuweka alama juu ya ujumbe uliopitishwa. Januari 2019 wakazuia ujumbe usipitishwe kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa Korona, wakaamuru kwamba ujumbe uliokwisha kutembea sana upitishwe kwa mmoja mmoja tu. Ni vizuizi vidogo, na Tito alihitaji vikundi vitatu tu. Lakini angalau waliweka kidole mahali pa kidonda, wakati sisi tulikuwa bado tunahubiri juu ya kiti cha sinema.

Katika seminari zetu nyingi simu inachukuliwa mwanzoni mwa mwaka na kuwekwa kabatini. Sina neno juu ya hilo. Ukimya una kazi yake, na kijana asiyeweza kukaa bila simu mwezi mmoja hataweza kukaa mbele ya Ekaristi saa moja. Lakini simu iliyofungiwa kabatini haimfundishi mwenyewe chochote juu ya amri ya nane. Seminari inafunga, likizo inafika, na baada ya siku mbili fratri yuko katika vikundi kumi na viwili, naye anatransfere kama wengine, tena kwa nguvu zaidi, kwa maana watu wanasema: ni fratri aliyetuma. Vilevile katekista. Nimeona barua yenye muhuri wa dayosisi ikitembea katika simu, muhuri umekatwa mahali pengine na kubandikwa, na katekista mwema wa kanisa la mbali akiisoma mbele ya watu baada ya ibada, kwa unyofu kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba picha ya barua si barua. Siku ya pili paroko alipomweleza, alilia.

Narudi kwa Tito, kwa maana sikumaliza kesi yake. Ningempa kitubio hiki: aandike ujumbe wake pale pale mbele ya kanisa kabla ya kurudi nyumbani, si mbele yangu, maana mimi siwezi kuutazama wala kuutaja baadaye; siri ya maungamo inanifunga kuliko inavyomfunga yeye. Aandike hivi, au kwa maneno yake mwenyewe: Mimi Tito wa mwaka wa pili, jioni ya siku fulani nilituma hapa sauti juu ya Kayo wa njia panda. Nilituma bila kuuliza. Ilikuwa uongo. Aliyeipokea kwangu na kuipitisha, tafadhali apeleke na ujumbe huu mahali pale pale. Kayo, kama unasoma, nitakuja kwako.

Atautuma kwa promosio, kwa korale na kwa watu wa kijiji chake. Wachache watajibu. Mmoja ataandika kwamba Tito amenunuliwa. Vokali ilisikilizwa na wote usiku ule ule. Ujumbe huu wengine watauona kesho, wakipata mega.